Laptopu ya Mzee Mizani

Ofisini kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa fundi wa kompyuta wa idara ya maji, peke yake kwa jengo zima, na kwa kuwa jawabu lake la kwanza kwa kila mwenye shida lilikuwa moja tu, "Umejaribu kuizima na kuiwasha?", walimbandika jina la Zima-Washa na likamkaa. Hakukasirika. Nusu ya matatizo ya jengo lile yaliisha kwa dawa hiyo hiyo, na nusu iliyobaki ilikuwa ya watu waliosahau kuchomeka waya, ingawa hao ndio waliokuwa wakali kuliko wote.

Shida yake hasa ilianza akishafika nyumbani. Kila jioni, vitunguu vikiwa ndiyo kwanza vimeingia kwenye mafuta, simu inalia. Ni baba yake, na kabla ya neno lolote anakohoa kidogo.

"Mama, imeganda tena."

Huyo mama ni yeye. Ndivyo baba yake alivyomwita tangu anatambaa. Na iliyoganda ni laptopu yake ya chuoni, ambayo alimwachia mzee siku aliponunua mpya. Tuseme ukweli, hakumpa zawadi. Aliachana nayo, na mzee akaipokea kama mtu aliyekabidhiwa funguo za gari. Betri ilishakufa, kwa hiyo iliishi ukutani kwenye waya, na ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukavaa, ukarudi ukaikuta bado inajikuna kichwa.

Mzee mwenyewe alikuwa mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa kuingia sokoni na kisanduku chake cha mawe ya shaba na kuwaumbua wauza nyama mbele ya wateja wao. Mtaani wanamwita Mzee Mizani hadi leo. Alipostaafu aligeuka mwandishi wa barua wa mtaa mzima: maombi ya kazi, ugomvi wa mipaka, malalamiko ya bili za maji. Hayo ya bili aliyaandika kwa vidole viwili na kwa ufasaha mkubwa, na yakaishia ofisini kwa binti yake, kwa watu waliokuwa hawajui kuwa mwandishi ni baba wa fundi wao.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?" binti alikuwa akimjibu, kwa sauti ile ile ya ofisini.

"Ndiyo naiwasha. Ngoja, inazunguka."

Na wakati inazunguka, mzee anaongea. Kuku wa jirani wameingia tena kwenye bustani. Goti limeamua kupumzika wiki hii. Ameikuta mitandio ya marehemu mkewe kabatini, ikunjwe au igawiwe? Zima-Washa simu kaibana begani, mwiko mkononi, mtoto mmoja anavuta nguo yake kwa hesabu zisizotaka kutoka, na yeye anaitikia "ehe, ehe" bila kusikia hata robo. Ikishawaka, mzee anashukuru na kukata simu. Hapo vitunguu vimeshaungua.

"Mteja wako hajambo?" mumewe alikuwa akimtania. Mume huyu alipenda utani kuliko chakula, ila siku ambazo vitunguu viliungua alipenda chakula.

Tusimwonee binti wa watu. Mtu aliyeshinda akiambiwa "imeganda" tangu asubuhi, akaambiwa tena jioni na mzazi wake, ana haki ya kuchoka. Kuchoka si dhambi. Ila yeye mwenyewe atakwambia kuwa kilichofuata hakikuwa kuchoka peke yake.

Akakata shauri. Siku ya mshahara alipitia kwa muuza vipuri akanunua diski mpya, ile nyembamba isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na RAM kubwa zaidi ili mashine iweze kushika mambo mengi kwa mara moja, na betri. Muuzaji alimwambia laptopu ya aina ile hata ingekuwa na umri wa bibi yake, ikipata vitu vile vitatu itakimbia. Njiani alijiambia anamfanyia baba yake wema, na kwa kiasi fulani aliamini.

Jumamosi akaenda. Nyumba ya mzee ilikuwa kama siku zote: sebule ndogo, mizani ya zamani ya shaba juu ya kabati, na kati ya sebule na jikoni hakuna mlango, kuna pazia tu. Mzee alifurahi mpaka akawa hajui aketi wapi. Aliitandikia laptopu gazeti mezani kama anayempokea mgeni, akaleta kisahani cha kuwekea skrubu, akasimama nyuma ya binti yake kuangalia.

"Hiyo ndiyo akili yake?"

"Hiyo feni, baba. Vumbi hili lote unalifuga la nini?"

"Sikujua kama anapumulia huko," mzee akasema, na kweli alionekana kumhurumia.

Binti alitoa diski ya zamani, akaiunganisha kwenye laptopu yake mwenyewe kwa waya ili barua zote za mzee zihamie kwenye mpya. Kazi hiyo huchukua muda. Wakati inaendelea alisafisha feni kwa brashi, akachomoa RAM ndogo na kuibonyeza kubwa mpaka ikasema "tak". Mzee akaona hapo hatakiwi tena, akaenda jikoni kupika chai.

Ndipo mumewe alipopiga. Mikono ya Zima-Washa ilikuwa ndani ya mashine, basi akaibonyeza simu kwa kifundo cha kidole, akaiweka sauti ya wazi juu ya meza.

"Bado uko kwa mteja?"

"Namalizia. Vumilia kidogo, baba watoto. Nikishaifunga hii, simu za kila jioni zimekwisha. Hata sababu hatakuwa nayo. Na sisi tupumue."

Mumewe akacheka. Na Zima-Washa, kwa kumuunga mkono, akamwigiza baba yake: "Mama, imeganda tena!" Akaigiza vizuri, na kule kukohoa kwake kwa mwanzoni. Wote wawili wakacheka.

Chai ilichelewa. Ilipokuja, mzee akiwa na sinia mikononi, maziwa yalikuwa yameshafanya utando juu na kikombe kilikuwa vuguvugu. Zima-Washa aliuondoa utando kwa kijiko, akanywa, akaendelea na skrubu. Alipobonyeza kitufe, laptopu iliwaka kabla mzee hajavuta kiti.

"Kumbe," mzee akasema.

"Umeona, baba? Sasa haitakusumbua."

"Nimeona. Haitasumbua mtu." Akampeleka binti yake hadi barabarani, na pale akampa mkono, jambo ambalo si kawaida yao. "Ahsante kwa kazi nzuri, mama."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Vitunguu vilikaangika vikawa rangi ya dhahabu, hesabu za mtoto zikatoka, mume akasifia chakula. Jioni zikapita namna hiyo, simu iko juu ya friji, kimya. Kisha Zima-Washa akaanza kujikuta akiitazama. Siku moja aliiteremsha kuhakikisha ina chaji. Ilikuwa nayo.

Akapiga yeye. "Baba, inakwendaje?"

"Inakwenda salama, mama. Haina neno."

"Na wewe?"

"Mimi mzima. Haya, nisikuchoshe. Pumzika."

Akapiga tena kesho yake, na mara nyingine tena, na kila mara mazungumzo yalikuwa mafupi na ya adabu, na kila mara yaliishia hapo hapo: nisikuchoshe, pumzika. Kuku wa jirani hawakutajwa. Goti halikutajwa. Alipouliza kuhusu goti aliambiwa lipo.

Alikuwa ofisini, ameinama chini ya meza ya mhasibu akitafuta waya uliochomoka, alipokumbuka chai. Mzee yule anapika chai inayounguza ulimi. Ndiyo sifa yake. Hajawahi kumletea mtu chai ya vuguvugu. Ili maziwa yafanye utando, sinia lazima liwe limesimama mahali. Na kati ya jikoni na sebule kuna pazia tu.

Alibaki chini ya meza ile mpaka mhasibu akauliza kama amepata ajali. Roho ilimsuta, ikamsuta tena. Halikuwa neno la kuchoka lililomuuma zaidi, maana hilo angeweza kulitetea. Ni kule kukohoa. Kwamba baba yake alisimama na sinia nyuma ya pazia lake mwenyewe, akisikia mtoto wake anavyomwigiza.

Jumamosi akaenda tena, na matunda, na mfuko mpya wa kubebea laptopu, na uongo: kwamba feni inahitaji kuangaliwa. Akaifungua mashine, akamwaga skrubu kisahanini, akaanza kupulizia mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Mzee alimtazama kwa muda kutoka kwenye kiti chake.

"Feni haina kitu," akasema.

"Ni kuhakikisha tu, baba."

"Enzi zangu, nikiingia kwa muuza nyama nikaletewa kiti na soda kabla sijafungua kisanduku, nilijua mizani yake ina kasoro. Leo umeniletea kiti na soda, mama."

Bisibisi ikamponyoka. Akaiacha hapo hapo. "Siku ile naongea na simu, ulikuwa wapi?"

"Hapo nyuma, na sinia. Nikaona si adabu kuingia mtu anapozungumza na mumewe."

"Mbona hukunisema?"

"Nikuseme kwa lipi? Hukusema uongo. Umechoka, na mimi nakuchosha. Kipimo kilikuwa sawa."

Angechapwa kofi, lingemuuma kidogo tu na kupoa. Alianza kulia, skrubu moja ikaanguka chini, na wote wawili wakainama kuitafuta kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kutazamana. Mzee ndiye aliyeipata. Aliishika kwenye kiganja akawa anazungumza na hiyo skrubu.

"Barua zangu naziandika asubuhi. Jioni sina barua yoyote. Naiwasha tu ili igande."

"Baba."

"Huwezi kumpigia mtu mwenye watoto na kazi ukamwambia umepiga tu. Lazima uwe na neno. Mimi neno langu lilikuwa hilo." Akaigusa laptopu kwa vidole viwili. "Sasa haigandi. Umeifanya vizuri sana, sina la kusema."

"Piga tu, baba. Hata bila neno. Nakuomba."

"Haya, mama," mzee akasema, ile haya ya kumridhisha mtu ili chai inyweke. Chai ya siku hiyo iliunguza ulimi.

Hakupiga. Jioni ya kwanza Zima-Washa alisubiri, na ya pili, na ya tatu akaacha kujidanganya. Nyumbani alikuwa bado anayo ile diski ya zamani, kwenye droo, na alifikiri hata kuirudisha. Aliitia kwenye mkoba, akaitoa. Mzee angeiona kabla ya kisahani kufika mezani, na angemwachia tu, kwa adabu, na ingekuwa kumdharau mara ya pili. Kitu alichokivunja hakikuwa ndani ya mashine, na yeye ufundi wake wote ulikuwa wa mashine.

Jioni moja alitia vitunguu kwenye mafuta, akavitazama, akazima jiko. Mumewe akamwona uso. Tangu alipoambiwa habari ya pazia, hakuwa tena na hamu ya kumtaja mteja. Aliuchukua mwiko, akaliwasha jiko tena na kuendelea yeye. Zima-Washa akavuta kiti, akakaa mbali na mlio wa mafuta, akapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Laptopu yangu imeganda."

Laptopu yake ilikuwa kwenye mkoba karibu na mlango, imezimwa tangu ofisini. Mzee yule ni mtu aliyeweza kusikia nyama ikitupwa kwenye sahani ya mizani akajua kuna kidole kimeisindikiza. Hakuna uongo aliowahi kuupitisha maisha yake yote, na binti yake alijua hivyo, akangoja kuumbuliwa kama wale wauza nyama.

Mzee akakohoa kidogo, kule kukohoa kwake kwa mwanzoni.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?" akauliza, kwa upole, kama anayeuliza kama umekula.

"Ndiyo naiwasha, baba. Inazunguka."

"Basi tuisubiri. Mimi nipo, sina haraka."

Zima-Washa aliishika simu kwa mikono miwili. Jioni zote zile alizopigiwa, yeye hakuwahi kumjibu hivyo hata mara moja.