Bili kwa Vichwa

Nyumba ya wapangaji sita pale Kiseke, Mwanza, ilikuwa na mita moja ya maji, na bili ililipwa kwa vichwa. Mtu mzima kichwa kimoja, mtoto nusu. Mwenye kuhesabu alikuwa Shigela, mpangaji wa siku nyingi, mtu mpole sana, wa kukuumiza huku anatabasamu.

Justa, fundi cherehani, alikuwa kichwa kimoja kwa miaka minne. Mwezi wa sita akamleta mama yake, Ma Kokulinda, kutoka Muleba, ili amtunze, maana miguu ilikuwa imeshagoma. Bibi wa watu alikuwa na tatizo jingine moja tu: hakuweza kuzuia mkojo. Kila asubuhi Justa alikuwa bombani na mashuka.

Bili ya mwezi ule ikapanda. Ya mwezi wa saba ikapanda zaidi. Bei yenyewe ilikuwa imeongezwa, kila mtu alijua, lakini bei huwezi kuiitia kikao. Bibi kizee unaweza.

"Shikamoo bibi," Shigela alianza, akasubiri marahaba yake kwa adabu zote, kisha akamgeukia binti. "Dada Justa, hatuna ubaya na mtu. Ila mashuka yale tunayaona. Bibi tumhesabu vichwa vitatu, au utafute utaratibu mwingine."

Wenzake wakatazama chini, wakakubali.

Justa hakuwa na uwezo wa kulipia vichwa vinne. Akatafuta utaratibu. Mama akawa anapewa kikombe cha mwisho cha maji saa sita mchana. Baada ya wiki kikawa saa nne asubuhi, tena nusu. Mashuka yakakauka kweli. Justa akafurahi. Tuseme ukweli, alifurahi, na alipita uani na beseni lake tupu makusudi ili aonekane.

Mama hakulalamika. Mchana aliketi uani, midomo imebabuka, akiutazama mgomba ulioota upande wa juu wa ua, karibu na mita. Alikuwa amelima migomba tangu utotoni, na huu haukumwingia akilini.

"Justa, huu mgomba unakunywa wapi?"

"Maji ya bafuni, mama."

"Ya bafuni yanaelekea kule chini. Huu uko juu. Kiangazi hiki, kwenye mawe haya, mkungu mnene hivi? Chimbeni hapo."

Dorcas wa chumba cha pili akacheka. "Bibi anatamani ndizi za kwao."

Justa naye akacheka, kwa sababu kucheka na majirani kulikuwa rahisi kuliko kubishana nao. "Mama, yaache hayo. Sisi ndio tunaomaliza maji."

Mwezi wa nane bili ikapanda tena. Safari hii hapakuwa na kikao. Shigela aligonga mlango, akasema mwenye nyumba ameshaambiwa. Jumamosi Justa akampeleka mama stendi ya Nyegezi, akampandisha basi la kwenda Muleba kwa Rugemalira, kaka yake Justa. Mama akaomba maji ya njiani.

"Utawalowesha abiria," Justa akamwambia, akamfunga kanga vizuri, akashuka.

Siku ya tisa Rugemalira akapiga simu. Mama amefariki. Figo.

"Daktari ananiuliza, huyu mama alikuwa anaishi wapi, kwani hapewi maji? Nikamwambia mbona alikuwa Mwanza, ziwa lile lote."

Justa akasema mtandao ni mbaya, akakata. Akaenda kuzika, akarudi.

Bili ya mwezi wa tisa ilikuwa kubwa kuliko zote, na bibi hayupo. Shigela akauzunguka ua mzima, na alipofika kwenye mgomba kiatu chake kikazama. Wakachimba. Bomba lilikuwa limepasuka hatua mbili kutoka kwenye mita, linavuja taratibu ardhini.

Dorcas aliingia chumbani kwake. Ili bomba litengenezwe ilibidi mgomba ukatwe, na mkungu ulikuwa umekomaa, basi Shigela akaugawa kwa haki yake ileile, kwa vichwa. Justa akaletewa ndizi nne mlangoni.

"Pole tena na msiba, dada. Ningekuongeza, ila sasa wewe ni kichwa kimoja."

Justa alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akazimenya kama mama yake alivyomfundisha, akazichemsha, akazila zote nne. Zilikuwa laini, zimeshiba maji.