Fundi wa Mbao

Siku tuliyofanya misa ya kumwombea mdogo wangu wa mwisho, mwanawe mkubwa alinigeukia mbele ya wageni, sahani ya pilau mkononi. "Shangazi," akasema, "babu alimtumikia Mungu maisha yake yote na hakutuachia hata kiwanja. Baraka yenyewe iko wapi?" Wengine wakacheka. Kijana huyu siku hizi anahubiri, na mahubiri yake yana magari mengi. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Msiba umekwisha, na leo sinyamazi.

Baba yangu alizaliwa Bagamoyo, kwenye misheni, akajifunza useremala hapo hapo. Padre mmoja alimchukua kwenda naye Komoro, enzi Mfaransa bado anatawala, akamweka Mutsamudu, kisiwani Anzuani, atunze kanisa dogo. Dogo kweli. Waumini wenyewe walikuwa maofisa wachache na wake zao, vibarua wa Kimalagasi, na watu wa Reunion waliosimamia ukamuaji wa mafuta ya maua ya langilangi. Mji uliobaki wote ulikuwa wa Waislamu. Baba alipiga kengele asubuhi, mchana na jioni, akafundisha katekisimu, akachonga majeneza. Mama alifua na kunyoosha vitambaa vya altare. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kanisa. Mimi nilizaliwa humo, nikakua nasema Kiswahili ndani na Kinzuani uchochoroni.

Siku yake ya kwanza pale, kabla sijazaliwa, baba alifanya kosa ambalo mji ulimcheka kwa miaka. Jirani wa mlango unaotazamana na wetu alimuuliza yeye ni nani. Baba akajibu kama mtu yeyote wa Bagamoyo angejibu: "Mimi ni fundi." Hakujua kwamba Komoro fundi ni mwalimu wa dini, mtu aliyesoma, anayebusiwa mkono. Na yule aliyeuliza alikuwa mwenyewe fundi, mwenye chuo cha Kurani pale pale uchochoroni. Akamtazama Mkristo huyu mwenye msumeno begani.

"Fundi wa nini?"

"Wa mbao."

Kufika jioni watoto wote wa chuo walikuwa wanaimba "Fundi wa mbao! Fundi wa mbao!" Maana yao ilikuwa mwalimu anayesomesha mbao, kwa kuwa kanisani mwake mabenchi yalikuwa mengi kuliko watu. Marafiki walimshauri aseme seremala, yaishe. Akakataa. "Mbao nazijua, na neno la Mungu nalifundisha," alisema. "Mimi ni fundi mara mbili. Wacheke mpaka wachoke." Ukaidi huu wangu sikuuokota barabarani.

Mama wa yule mwalimu tulimwita Koko, yaani bibi, kama mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa mkunga. Mimi mwenyewe nilipokewa na mikono yake, na kila asubuhi nilipopita nilimwamkia, "Kwezi, Koko," naye akaitika, "Mbona," ndiyo marahaba ya kwao, hata kabla sijamaliza, kwa sababu alisoma midomo. Masikio yalikuwa yamemchoka. Sauti ya mwadhini haikumfikia tena. Kilichomfikia ni kengele ya baba, iliyoning'inia karibu kabisa na dirisha lake.

Basi ikaja Ramadhani moja ya msimu wa mvua, wakati jua linachelewa kuzama. Kila jioni mjukuu wake ndiye aliyemwambia kwamba adhana imeingia, lakini siku hiyo mtoto alikuwa na homa. Saa kumi na mbili baba akapiga kengele ya Malaika wa Bwana kama kawaida. Koko akasikia, akadhani ndiyo magharibi, akanywa uji wake. Mwanawe alimkuta anafuta midomo na jua bado liko juu ya maji.

Alikuja kwetu na hasira yote aliyokuwa nayo. "Kengele yako imemlisha mama yangu mchana!" Koko alikuwa nyuma yake, amejifunika shiromani yake nyekundu mpaka usoni, analia. Hilo ndilo lililomgusa baba. Kelele za mwalimu alishazizoea.

"Kengele siizimi," baba akasema. "Nimeapa kuipiga na nitaipiga. Lakini mwezi huu wote nitaipiga baada ya adhana yenu. Mama Bikira Maria atangoja kidogo, yeye ni mama, anaelewa."

Akafanya hivyo. Kila jioni alisimama na kamba mkononi, anasikiliza msikitini, na adhana ikiisha ndipo alipoivuta. Koko naye akaendelea kufuturu kwa kengele, na safari hii kwa haki.

Karibu na mwisho wa mwezi padre kijana aliyezungukia visiwa kwa niaba ya padre mkuu akaja kutoka Moroni kututembelea. Saa kumi na mbili ikafika, kimya. Akatoka na saa yake mkononi akamkuta baba ameshika kamba, hapigi. Baba akamweleza. Padre akawa mwekundu. "Unampigia Mungu kengele au unawapigia Waislamu?"

"Nampigia Mungu," baba akajibu. "Ndiyo maana sitaki imwangushe bibi wa watu."

"Piga sasa hivi, au nipe ufunguo wa kanisa."

Baba akatia mkono mfukoni, akampa ufunguo. Mama alikuwa mlangoni, tumbo la miezi tisa mbele yake. Sote tulijua ufunguo ule ulikuwa pamoja na paa letu. Tuliamriwa kuondoka na boti ya kwanza kwenda Moroni, kwa padre mkuu, akaamue kama baba bado ni mtumishi au basi.

Sasa wale wanaosema baba alimwasi Mungu kwa ajili ya uji wa mwanamke mmoja, nawaambia hivi: mimi nilikuwepo, nyinyi hamkuwepo. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akiwa karibu na Mungu kama alivyokuwa alipokabidhi ufunguo ule. Hakubadilisha neno.

Koko aliposikia tunaondoka alifunga kanga zake. "Tumbo hilo nimelishika mimi tangu mwanzo," akamwambia mwanawe. "Halimalizwi na mtu mwingine." Mwalimu akabisha, akashindwa, akalazimika kumsindikiza. Ndivyo tulivyosafiri pamoja, familia ya Kikristo iliyofukuzwa na mwalimu wa Kurani aliyenuna. Msafiri anaruhusiwa kula, lakini Koko alikataa. Alisema mwezi huo ameshaharibu siku moja, haharibu ya pili.

Moroni tulifikia kwa binti wa dada yake Koko, aliyeolewa huko na mfanyabiashara. Padre mkuu alikuwa kitandani na malaria, tukaambiwa tusubiri. Uchungu ukamshika mama siku hiyo hiyo. Koko alimpapasa tumbo akakunja uso. Mtoto alikuwa amelala kimshazari. Alianza kumgeuza kwa mafuta ya nazi na viganja vyake, polepole, na mama akauma kanga asipige kelele katika nyumba ya watu. Nilikuwa naleta maji na kwa mara ya kwanza nikaona hofu wazi machoni pa baba. Alikuwa amepiga magoti uani, kati ya kuku, na mwalimu wa Kurani ameketi kizingitini akizungusha tasbihi.

Jua likazama. Adhana ikatoka msikitini, kubwa, ikajaza mtaa. Koko hakuisikia. Baba alinyanyuka, akachukua tende na kikombe cha maji, akanipa nimpelekee. Nikamshika Koko bega nikamwonyesha mdomo: "Koko, magharibi imeingia. Kunywa."

"Ngoja," akasema. Mikono yake haikutoka tumboni.

Mwanamke yule alikuwa amefunga tangu alfajiri, na koo lilimkauka mpaka sauti ikawa inakwaruza. Kikombe kilikaa sakafuni. Taa zilikuwa zimewashwa nyumba zote mtaani ndipo mdogo wangu alipotoka, wa kiume, akilia kwa ghadhabu. Koko akamkata kitovu, akamfunga, akamlaza juu ya mama. Ndipo akatoka nje, akakaa, akafungua kinywa. Baba mwenyewe alimpa tende.

Siku chache baadaye padre mkuu akatuita. Alikuwa mzee aliyewahi kukaa Unguja, Kiswahili akikijua vizuri. Mwalimu wa Kurani alikuja nasi bila kuitwa, na yeye Kiswahili alikisomea huko huko Unguja. Hakungoja aulizwe.

"Padre, tumekuja kumchukua fundi wetu."

Yule mzee akashangaa. "Mna kazi ya mbao? Mafundi tunao hapa Moroni, chukueni yeyote."

"Umekaa visiwani hapa miaka mingi, Padre. Unajua kwetu fundi ni nani."

 Baba akamgeukia. Mtu huyu ndiye ambaye watoto wa chuo chake walikuwa wakituimbia "Fundi wa mbao".

"Amekufundisha nini?" padre akauliza.

"Dini yake sikuitaka na sitaitaka. Lakini niliona mtu anashikilia kamba ya Mungu wake ili mama yangu afunge vizuri kwa Mungu wangu. Miaka yote mimi ni fundi, sijawahi kusomesha somo kama hilo."

Padre mkuu akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo alioletewa na yule padre kijana, akamsukumia baba. Alisema jambo moja tu, kwamba Ramadhani ijayo kengele ingoje. Tukarudi Mutsamudu. Tangu siku hiyo watoto wa chuo walipopishana na baba uchochoroni walisema "Kwezi, Fundi," na la mbao halikutajwa tena.

Sasa wewe, mwanangu mhubiri. Uliuliza baraka iko wapi, na kiwanja hukukiona. Baraka ilikuwa imelala kimshazari tumboni mwa bibi yako, ikageuzwa na mwanamke mwenye kiu aliyekataa maji, kwa sababu babu yako alikataa kumwangusha. Ikalia, ikakua, ikaoa, ikakuzaa wewe. Juzi tumeizika. Ulikuwa unakula pilau yake wakati unaniuliza.