Daftari la Matapishi ya Paka

Mhusika ni mke wangu. Nalitamka hilo mapema ili kusafisha jina la mama muuza dagaa wa Kariakoo, niliyemtuhumu mbele ya wateja wake kwamba dagaa wake wanamuua paka wangu.

Paka huyo alitapika mara mbili ndani ya mwezi mmoja, zote asubuhi, zote juu ya gazeti nililokuwa sijamaliza kulisoma. Mimi na mke wangu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, Ilala, ndani ya kikapu cha sokoni, pamoja na daftari la matukio.

"Shikamoo, mzee," daktari alinisalimu. "Anakula? Anacheza?"

"Marahaba. Kupita kiasi."

"Basi ni mzima. Anakula kwa pupa tu, na manyoya anayomeza akijilamba humtapisha. Akitapika kila siku, au akigoma kula, mrudisheni. Asubuhi anakula nini?"

"Dagaa. Saa moja kamili."

Mke wangu akakohoa. "Na mimi humpa wangu saa kumi na mbili na nusu. Ananililia, mzee wangu, nifanyeje?"

Kwa hiyo, namtaka mke wangu ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini asiende kwa muuza dagaa kuomba radhi kwa niaba yangu.