Ukurasa wa Pai ya Figo

Kwa mwaka mzima wa utoto wangu niliamini kwamba doa lolote kwenye kitabu cha mapishi kilichotumika ni mahali ambapo mwenye kitabu aliangukia uso, akafa. Niliamini hivyo kuliko nilivyoamini kwamba jua huchomoza kila siku, maana hapa Landani jua lenyewe lina siku zake. Elimu hiyo nilipewa na binamu yangu Swaleh. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi tisa, na katika umri ule miaka miwili ni shahada. Alinieleza kwamba mtu hupika chakula kilichoandikwa, akakionja, kikamwua palepale jikoni, akaanguka na tonge mdomoni juu ya ukurasa uleule. Wanawe wakishazika hupeleka kitabu kwenye yale maduka ya misaada yanayouza vitu vya marehemu, na doa hawalifuti, kwa heshima.

"We angalia vizuri," akaniambia. "Utaona na pua."

Niliangalia. Wallahi niliona na pua.

Nimekuja kusoma ukubwani, shule ya jioni, nikapata cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani, lakini mpaka leo nikifunua kitabu cha namna hiyo ile harufu hunirudia: siagi iliyochacha, karatasi iliyolowa ikakaushwa na hita, na chini yake kitu kama soksi ya mtu usiyemjua. Msomaji wangu, kama umeshakula, subiri kidogo kabla ya kuendelea.

Tulikaa Stratford, ghorofa ya nne kwenye flati za kaunsili, nyumba za kupanga za halmashauri, na kila Jumapili mchana mama alikuwa na kikao chake. Wajumbe walikuwa watatu. Mama mwenyewe, mtu wa Tanga. Bi Rukia wa ghorofa ya chini, Mzanzibari asiyejua kupamba neno. Na Mama Njeri, nesi kutoka Nyeri, ambaye kicheko chake kilifika kabla ya hadithi yake. Kila mmoja alikuja na mfuko, akatoa vitabu vya mapishi alivyonunua wiki hiyo, vikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Wakanusa. Naam, wakanusa, na mimi nyuma ya kochi nikaziba pua kwa niaba yao.

Kila mmoja alikuwa pia na orodha ya vitabu anavyovitamani, na zote tatu zilibandikwa kwa sumaku kwenye friji yetu, ili atakayekiona cha mwenzake dukani amchukulie. Mama Njeri alitaka vya keki za ghorofa. Bi Rukia alitaka cha mboga, kama vile vya akina mama wa Kihindi wa mtaa wa Neasden waliohamia kutoka Kampala. Orodha ya mama ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mapishi ya Kizungu ya zamani. Kiwe kichafu." Neno la mwisho alilipigia mistari miwili. Kila nilipofuata maziwa nililisoma, nikasikia baridi isiyokuwa ya friji.

Sababu yake ilikuwa hii. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwanyanyua, akiwaogesha, akiwageuza kitandani, na mgongo wake ulikuwa umeanza kulia kama mlango wa zamani. Mpishi wa pale akaondoka. Mama akaomba nafasi, wakampa siku moja ya majaribio: awapikie wazee chakula walichokitamani kuliko vyote, pai ya nyama na figo. Mama angeweza kupikia pilau kikosi kizima cha jeshi na wakabaki na ukoko wa kugombania, lakini pai hiyo hakuwahi hata kuiona.

Mama Njeri ndiye aliyekipata kitabu. Alikiweka mezani, kikatoa sauti ya kunata. Katika maisha yangu sijaona kitu kichafu namna ile. Kulikuwa na ute wa yai uliokauka kama kamasi, unywele mweupe, na mdudu aliyebanwa hadi akawa picha ya mdudu. Ukurasa wa pai ya figo ulikuwa umelowa mafuta kiasi kwamba ukiuinua unauona upande wa pili wa chumba.

"Tazama huu, shoga," akasema Bi Rukia, macho yanang'aa. "Huu umechafuka, ukachafuka tena."

"Basi ni huohuo," akasema mama, akaupapasa kwa kiganja kama anaupa pole.

Mimi nikaona wanawake watatu wenye akili zao wanachagua, kwa furaha, ukurasa uliokula watu wengi kuliko yote.

Jumamosi iliyofuata mama alijaribu kuupika. Aliloweka figo kwenye maziwa, na harufu iliyotoka, jamani, ilikuwa ya choo cha stesheni siku ya mechi. Nina hakika njiwa wote wa Stratford walihama jioni ile. Sahani ilipowekwa mbele yangu nilitazama kile kipande cha kahawia chenye kitundu katikati, kikanitazama, nikakataa hata kukigusa. Mama akala. Nikakimbia chumbani nikaleta mto, nikauweka mezani mbele yake.

"Wa nini huu?"

"Ukianguka," nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto wa huku.

Alicheka, akamaliza sahani, na hakuanguka. Nilimpelekea Swaleh habari hiyo nikidhani nimemweza. Hakutikisika. "Watu wa umri wa mama yako huchukua muda," akasema. "Wazee ni palepale."

Tangu hapo sikulala vizuri. Mama alikuwa akisoma ukurasa ule kwenye basi kila asubuhi, midomo ikicheza kama anayesoma nyiradi, na mimi nilihesabu siku zilizowabakia wale wazee. Alasiri ya kabla ya majaribio, mama amelala baada ya kutoka kazini, nilivaa glavu za kuoshea vyombo, zikanifika kwapani, nikashikilia pumzi, nikauchomoa ukurasa polepole. Ulinikwama kidoleni. Nusura nitapike juu yake, na kama ningetapika nadhani Mama Njeri angesema thamani yake imepanda. Nikautumbukiza kwenye tundu la takataka la koridoni, nikausikiliza ukishuka ghorofa zote nne.

Asubuhi mama alikitia kitabu mfukoni bila kukifunua, na basi lilivyojaa akasimama njia nzima. Alikifunua huko jikoni mwa wazee, aproni imeshafungwa, akakuta samaki wa kuchemsha upande mmoja na pudini ya mkate upande wa pili, katikati hakuna kitu. Akapika kwa kukisia. Ganda la pai likawa gumu kama kandambili. Wazee walisogeza tu sahani pembeni. Mmoja, ambaye mama alikuwa amemwogesha miaka mitatu, alimshika mkono akamwambia kwamba ni nzuri, ila siyo yenyewe. Nafasi akapewa mtu mwingine.

Siku hiyo mama alirudi akakaa kwenye kochi na koti lake, viatu miguuni, mtu ambaye alikuwa akitukemea kwa kuvuka kizingiti navyo. Aliendelea kunyanyua watu miaka mingine miwili, mpaka mgongo ulipomkatalia kabisa. Leo nikimwona anavyoinuka kitini kwa awamu, kwanza mkono, kisha goti, kisha jina la Mungu, huwa nausikia ule ukurasa ukishuka. Wakati ule sikujua lolote. Nilikuwa shujaa anayesubiri siku yake.

Siku yangu ilikuwa Jumapili. Mama aliwaambia wenzake, "Nadhani ukurasa ulinidondoka kwenye basi. Ulikuwa umeshalegea. Ni uzembe wangu mwenyewe."

"Hapana, dada, ni mimi," akasema Mama Njeri, na kwa mara ya kwanza kicheko hakikuwepo. "Ningekutafutia kizima."

Nikatoka nyuma ya kochi. Nikatangaza kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili Bi Rukia asikose kitu, kwamba ukurasa nimeuchana mimi, nimeutupa mimi, na wazee wote wako hai kwa sababu yangu. Nikawaeleza habari ya nyuso na madoa, kama alivyonifundisha Swaleh. Kisha nikasimama nikingoja kupongezwa.

Mama aligeukia dirishani. Bi Rukia ndiye aliyenivuta mkono, akanikalisha karibu yake.

"Swaleh muongo," akasema. "Hakufa mtu pale, mwanangu. Ukurasa huchafuka kwa kupikwa. Watu wakikipenda chakula hukirudia, wakikirudia mchuzi huruka. Ule uliokuwa mchafu kushinda zote ndio uliokuwa mtamu kushinda zote."