Geji ya Gari la Mama

Cheche aliitwa Cheche tangu utotoni, alipochomeka kidole palepale ambapo baba yake, fundi umeme wa magari, alikuwa amemkataza kugusa. Jina likamganda, na kazi ya baba ikamganda vilevile. Sasa gereji ni yake, plaisi ya baba ni yake, na baba mwenyewe hushinda kwenye kigoda karibu na mlango, akichambua kopo la skrubu ambalo binti yake humchanganyia upya kila asubuhi ili asikose la kufanya.

Mzee alikuwa amesahau. Adabu hakuisahau, maana aliamka akimsalimia kila mtu vizuri. Ila alimwita Cheche "fundi", kama mwenzake wa kazini, akamwita mkewe "dada", akamshukuru kwa chai kama mtu aliyepita tu kujulia hali. Mama aliitikia na kurudi jikoni. Alitamani kitu kimoja tu, aitwe mke tena walau mara moja, na alijua hilo si jambo la kumwomba mtu.

Asubuhi hiyo Mama aliliingiza gari uani kwa hasira. Lilikuwa gari la zamani, rangi ya krimu, ambalo Mzee alilinunua kabla Cheche hajazaliwa, na siku hizi Mama alilitumia kumpeleka mumewe kliniki. Jana yake umeme ulikatika kituo cha mafuta, pampu zikagoma, naye akarudi nyumbani roho mkononi, mshale wa geji ya mafuta umelala kabisa. Gari likafika. Leo likaenda sokoni na kurudi, mshale bado umelala. Geji hii ni ya uongo, akasema, na yeye hawezi kumbeba mgonjwa kwa kutegemea uongo.

Cheche akaanza panapofaa kuanzwa. Alichovya kijiti kwenye tenki, kikatoka kimelowa vizuri; mafuta yamo. Akafungua buti, akachomoa waya unaotoka kwenye tenki na kuugusisha kwenye bodi. Kule kwenye dashibodi mshale ukapanda mpaka mwisho. Basi geji nzima na waya mzima, ugonjwa uko ndani ya tenki. Akafungua mfuniko na kulitoa taratibu boya, lile linaloelea juu ya petroli na kuupa mshale habari. Halikuwa limetoboka. Lakini mkono wake wa chuma ulikuwa umepindwa kwenda juu, kiasi kwamba mshale ungelala wakati tenki bado lina robo nzima.

Kwenye chuma kulikuwa na alama za meno ya plaisi, na katikati ya alama palikuwa na pengo. Plaisi yenye jino lililovunjika, ile ya baba, ilikuwa mfukoni mwa Cheche. Akazisugua kwa kidole; zilikuwa zimeshika kutu ya miaka mingi, na baba yake hakuwa mtu wa kulipua kazi. Kama alikipinda chuma hiki akidhani anakinyoosha, basi maradhi yalianza zamani sana, siku zile walipokuwa wakimcheka kwa kusahau miwani kichwani mwake. Alimwonea huruma mno. Akaishika plaisi ileile ili aunyooshe mkono wa boya, na asimwambie mtu.

"Uache hivyo hivyo, fundi."

Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, skrubu mkononi.

"Umepinda, Baba."

"Nimeupinda mimi. Mke wangu anaendesha mpaka gari likohoe. Lilimzimikia njiani kwenye mvua, mtoto mgongoni, akatembea mpaka nyumbani. Nilisema nikachoka, na ukimsema sana ananuna. Sasa mshale ukilala anaweka mafuta, na akipitiliza, ile robo itamfikisha."

Mtoto wa mgongoni alikuwa Cheche. Kisa cha mvua ile kilisimuliwa nyumbani miaka nenda miaka rudi ili kumtania Mama, lakini mwisho wake hakuna aliyewahi kuusikia.

Mama alikuwa amefika na kikombe cha chai, akasikia yote.

"Miaka yote hiyo," akasema polepole, "ulikuwa unanidanganya?"

Mzee akamtazama kwa upole. "Si wewe, dada. Mke wangu."

Cheche alifungua kinywa, lakini Mama akamkanya kwa jicho, akaketi kwenye tairi lililokuwa limelazwa pale. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, wala hakujificha.

"Mkeo ana bahati," akasema.

"Ukimwona, mwambie asipitilize kituo." Mzee akafikiri kidogo. "Ila habari ya mshale usimwambie."

"Simwambii," Mama akasema, akampa kikombe, na Cheche akalirudisha boya tenkini na mkono wake uleule uliopinda.