Utando wa Jino la Shangazi

Dada yangu tunamwita Mama Maganda, na jina limemkaa. Kazini kwao wanachukua maganda ya kamba wa baharini, wanayageuza unga, na unga huo wanautengenezea utando mwembamba wa kupaka skrubu zinazokazwa kwenye mfupa wa taya kushika jino la bandia. Utando huo unazuia bakteria wasivamie fizi kidonda kikiwa bado kibichi. Kazi ya maana, sikatai. Ila mdomo wa dada yangu, mh! Hauna breki.

Shangazi, aliyetulea tangu tufiwe na mama, alipowekewa jino, skrubu yake ilitoka mezani kwa dada. Basi sebuleni, mbele ya wakwe zake, dada akavimba kichwa. "Shangazi, hapo bakteria akisogea kajichimbia kaburi! Dawa imo mlemle. Wewe usiikwangue tu." Wakwe wakapiga makofi.

Baadaye fizi ikavimba, tukampeleka Shangazi kwa daktari wa meno. Tukiwa kwenye benchi la kusubiri, dada akamuuliza Shangazi, "Kwani hapo hupigi mswaki?"

"Nipige, niikwangue dawa yako? Si ulinikataza mwenyewe?"

Dada akanywea. Hata mimi nilikosa pa kuweka uso.

Ndani, daktari alibonyeza fizi, usaha ukatoka, na skrubu ikacheza. Akasema haitashika tena, ing'olewe. "Mama, utando unasaidia mwanzoni tu, fizi ipone. Haufanyi kazi ya mswaki. Nani kakwambia usisafishe?"

Dada alikuwa amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Nikamwona anakigeuza, picha na jina vikatazama kifuani.

Shangazi alimtupia jicho, kisha akamjibu daktari, "Hakuna mtu. Uvivu wangu tu."

Uvivu! Mwanamke ambaye sufuria zake unajitazamia uso! Daktari akamsema kuhusu usafi kama anasema na mtoto wa chekechea, naye anaitikia tu, "Ndiyo, daktari. Ndiyo." Nikamfinya dada mkononi aseme. Wapi! Kainamia viatu vyake. Aibu ile niliisikia mpaka masikioni, na haikuwa yangu.

Skrubu ikatolewa. Tulipotokea kwenye korido, Shangazi, pamba bado mdomoni, akafungua leso yake. Ndani mlikuwa na ile skrubu; alikuwa ameiomba kwa muuguzi.

"Chukua, mwanangu, ukawaonyeshe wenzio kazini," akasema kwa shida. "Tazama vizuri. Sikuikwangua hata kidogo."

Dada aliipokea kwa mikono miwili. Halafu akageuka, machozi yanamtiririka mbele ya wagonjwa wote, akaenda kugonga tena mlango wa daktari.