Muravumba nyuma ya ukuta wangu

Minye niko na nyumba tatu hapa Uvira, na malori yangu ndiyo yanashusha muchele wa Bwegera, na masomo ya primeri sikumaliza. Jana mufanyakazi wangu alikata muravumba, ule muti wa dawa ya homa, ulioota nyuma ya ukuta, na ile harufu kali ya majani ikanifikia mpaka barazani.

Nilipokuwa mutoto, tulikaa Makobola. Mudogo wangu wa kike aliungua na homa siku nyingi, basi mama akanipeleka kilimani kuchuma muravumba, wakati ule umejaa maua. Kwetu, mutu aliyebeba dawa hasalimii wala hajibu mutu njiani. Akifungua kinywa kabla ya kufika nyumbani, dawa inapoteza nguvu.

Tukishuka, wanawake walioanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, wakamucheka.

"Mama, leo hautujibu? Ao bwana yako amenunua motere ya mutumbwi, sasa unajivuna?"

Mama akapita, amekaza midomo, mukono wake wenye maji ya majani umenishika.

Kisha shangazi yangu, dada ya baba, akatujia mbio akilia.

"Mulamu, simama! Mutoto amekufa! Unanisikia? Amekufa!"

Mama akamuwekea kidole kwenye midomo, akaongeza mwendo.

Nyumbani watu walikuwa wanaomboleza. Akapita katikati yao, akakaa mbele ya kinu, akatwanga majani yote mpaka yakatoa maji ya kijani. Ndipo akafungua kinywa.

"Munipe kikombe," akasema. "Na mumuinue kichwa."